Mitaani Ubaruku: Pamba, Pumba na Kanga ya Wifi

Mwaka 1997 mpiga picha wa Kijapani, Shoichi Aoki, alianzisha jarida la FRUiTS, la picha za vijana wa Harajuku, Tokyo, waliotoka mitaani na pamba za kujibunia wenyewe. Mwaka 2017 akaacha kulichapa, akisema vijana wakali wa kupiga picha wamekwisha. Jamani, si angeletwa Ubaruku msimu wa mavuno!

Mimi ni mtoto wa Dar. Nilifika huko Mbarali, ukishaipita Rujewa, nikiwa bi harusi wa miezi minne, naenda ukweni. Nilijua nakwenda shamba, nitawafundisha watu kuvaa. Thubutu! Pale mashine za kukoboa mpunga nilikuta kijana wa kubeba magunia katupia jezi ya Arsenal, bukta juu ya jinzi, na taulo kichwani kama kilemba. Pembeni yake Mmasai kajifunga lubega nyekundu, katambuga za tairi miguuni, simu mkononi. Hakuna aliyemshangaa mwenzake. Usangu ni kwa Wasangu, lakini mpunga na malisho vimewaleta Wasukuma, Wamasai, Wabarabaig na wengine, kila mtu na nguo zake. Mitumba imewachanganya.

Siku ya pili nikatoka na jinzi yangu ya kubana. Hata sijavuka uwanja, wifi akanifunga kanga kiunoni, kimya kimya, kama anafunika chungu. Mume wangu anaangalia tu. Usiku nikamuuliza, mbona hukusema neno?

"Si kanga tu, mke wangu."

Kanga tu! Tulilala tumepeana migongo.

Kesho yake nikakaa kuwatazama wanawake wenzangu. Pumba zinaruka kama moshi na zinawasha; kanga inafunika kichwa mpaka pua. Inabeba mtoto. Pindo lake ndilo pochi, noti zinafungwa fundo. Jioni inafungwa juu ya jinzi, maana wasichana wa pale wanazo, tena kali kuliko yangu. Na msidhani kanga ni ushamba usiojua dunia: miaka ya 1950 na 1960 nyingi zilichapwa hukohuko Japani. Bibi zetu walivaa cha Mjapani kabla sisi hatujaisikia Harajuku.

Nikamfuata wifi. "Ungekesha unajikuna, wifi yangu," akasema. Halafu akacheka: "Na baba alikuwa barazani."

Sawa, hapo nikamwelewa. Ila kilichoniuma zaidi haikuwa kanga, ni yule bwana kunyamaza kama abiria. Kama mkeo ni mgeni wa mila za kwenu, mwambie chumbani kabla hajatoka, usimwachie dada yako kazi hiyo. Nilipombana akakiri: tangu utoto anamwogopa dada yake.

Siku ya kuondoka nikachagua doti moja sokoni, tukaikata katikati. Kipande changu, kipande cha wifi. Bwana ndiye aliyelipa.