Kompyuta Isisinzie Wakati wa Video, Wala Isikeshe Bure

Miongoni mwa karaha zilizoingia majumbani pamoja na kompyuta, iko hii: jamaa wameketi kutazama video, hadithi imefika mahali pa utamu, mara kioo kinafifia na kuwa cheusi. Mmoja huinuka kutikisa kipanya, picha hurudi. Baada ya dakika chache giza hutanda tena. Nyumbani jambo hilo ni udhia tu. Lakini katika darasa la kambini, ambapo askari wanaonyeshwa kwa video namna ya kuzuia damu isimtoke majeruhi, giza la ghafla linaweza kumeza hatua moja ambayo mwanafunzi atakuja kuihitaji.

Wengi wakichoshwa huiamuru kompyuta isizime kioo kamwe, kisha husahau kabisa. Dawa hiyo huponya ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Yafaa basi, ndugu msomaji, tuelewe usingizi huu unatoka wapi, na namna ya kuuzuia kwa muda unaohitajika tu.

Asili ya usingizi

Vioo vya kompyuta vya zamani vilikuwa mabomba mazito ya kioo, kama yale ya televisheni za siku hizo. Ndani yake mlipakwa fosfori iliyong'aa ilipopigwa na elektroni. Picha moja ikikaa mahali pamoja kwa saa nyingi, fosfori ilichakaa na alama yake ikabaki daima. Desemba 1983, mtaalamu John Socha alichapisha katika jarida la Softalk la Marekani programu fupi iitwayo SCRNSAVE, iliyozima kioo endapo kompyuta haikuguswa kwa dakika tatu.

Baadaye ikaja hoja ya umeme. Mwaka 1992 idara ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira, EPA, ilianzisha alama ya Energy Star, na kompyuta pamoja na vioo vyake vilikuwa bidhaa za kwanza kuipata. Tangu hapo, kujizima kwa kioo kusikotumika kumekuwa desturi. Kwa familia inayotumia umeme wa jua, au kompyuta ya mkononi yenye betri iliyozeeka, desturi hiyo ni baraka.

Kwa nini izime watu wanatazama?

Kompyuta haijui kwamba mbele yake wapo watu. Inachohesabu ni muda uliopita tangu kibodi au kipanya kilipoguswa mara ya mwisho. Mtazamaji hagusi kitu. Kwa hesabu ya mashine, ameondoka.

Kwa sababu hiyo, programu ya video hupaswa kupeleka ombi kwa mfumo endeshi: "Kioo kisizimwe, kazi inaendelea." VLC hufanya hivyo yenyewe, na vivinjari vikubwa vya intaneti hufanya hivyo mara nyingi. Video ikisimamishwa, au ukurasa wake ukifichwa nyuma ya dirisha jingine, ombi huweza kuondolewa. Nayo programu mbovu au ya zamani huenda isiombe kamwe.

Yafaa pia kutofautisha mambo matatu: kuzimika kwa kioo, kulala kwa kompyuta nzima, na kujitokeza kwa picha za mapumziko. Kila moja laweza kuwa na saa yake. Aidha, kompyuta ya mkononi huweza kuwa na muda mmoja inapotumia betri na mwingine inapochomekwa kwenye umeme. Ndiyo maana mtu hurekebisha saa moja akashangaa kuona giza limerudi palepale.

Hatua za kufuata

Kwanza, chomeka kompyuta kwenye umeme ikiwezekana, na uzime hali ya kubana matumizi ya betri. Ikiwa picha inaonyeshwa kwa televisheni, tazama pia kama televisheni yenyewe haina saa yake ya kujizima.

Pili, rekebisha muda. Katika Windows 11, fungua mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, kisha ya umeme na betri. Hapo utakuta muda wa kuzima kioo na muda wa kulala. Katika Mac zenye mfumo wa mwaka 2022 na kuendelea, muda wa kioo umo katika mipangilio ya kioo cha kufunga. Katika Linux yenye GNOME, tazama mipangilio ya umeme. Chagua muda uuzidio kidogo urefu wa video.

Tatu, na hii ndiyo njia iliyo bora, tumia kibali chenye mwisho. Mac ina amri iitwayo caffeinate. Fungua dirisha la Terminal na uandike:

caffeinate -d -t 7200

Kioo kitakesha sekunde 7200, yaani saa mbili, kisha kitarudia desturi yake bila mtu kukumbuka lolote. Kwa Windows, Microsoft hutoa bure PowerToys, ambamo mna kifaa kiitwacho Awake. Hicho nacho hupewa saa na dakika. Ila hakikisha umewasha pia kipengele cha kuacha kioo wazi, la sivyo kompyuta itakesha ilhali kioo kimelala.

Nne, pakiwa na shaka, uliza mashine yenyewe. Katika Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, na video ikiwa inaendelea andika:

powercfg /requests

Tazama chini ya neno DISPLAY. Programu ya video ikiwamo, ombi limefika. Isipokuwamo, hitilafu iko kwa programu hiyo; jaribu nyingine. Amri hiyohiyo hufichua pia programu inayozuia kioo kulala usiku kucha bila sababu.

Kioo kinachokesha ni mlango ulio wazi

Katika kompyuta nyingi, kuzimika kwa kioo huenda sambamba na kufungwa kwa kompyuta, hata mtu asiweze kuitumia bila neno la siri. Anayeondoa usingizi kwa ajili ya video moja mara nyingi huondoa na kufuli hilo. Katika ofisi ya polisi, maana yake ni kwamba maelezo ya shahidi yanaweza kubaki wazi mbele ya kila apitaye. Nyumbani, mtoto au mgeni aweza kufikia barua na akaunti za fedha. Isitoshe, vioo vya kisasa vya OLED vimeurudisha ugonjwa wa kale: picha isiyosogea kwa muda mrefu inaweza kuacha alama.

Kwa hiyo, video ikikesha kwa kibali, mwenye kompyuta naye awe na desturi yake. Akiinuka, abonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na L. Kwa Mac, abonyeze Control, Command na Q kwa pamoja. Kompyuta hufungwa papo hapo. Na aliyeweka "kamwe" wiki iliyopita kwa ajili ya filamu moja, airudishe leo dakika 10.