Safari ya Juni: Kwa Nini Nkhotakota, na Mambo ya Kutayarisha

Tangu muhula huu uanze tumekuwa tukiulizwa swali moja: safari ya mafunzo ya mwezi Juni itakuwa wapi? Wanafunzi wengi walipendekeza Kigoma, wengine Mwanza, na wapo waliotaja Bujumbura. Ni mapendekezo mazuri, kwa sababu mwanafunzi wa Kiswahili hunufaika sana anapofika katika mji wa bandari, mahali ambapo lugha hutumika kupatana bei, kupakia mizigo na kutaniana. Hata hivyo, tumeamua kwenda Nkhotakota, hapa hapa Malawi, na tungependa kueleza sababu zake pamoja na mambo ambayo kila msafiri anapaswa kuyatayarisha.

Sababu ya kwanza ni ya kibali. Kama tujuavyo, wasaidizi wetu wa mazoezi ya kuzungumza wanatoka Dzaleka, katika Wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ni watu wa Uvira, Fizi, Bukavu na Bujumbura, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha sokoni, makanisani na misikitini. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo 1987, lakini iliweka masharti yake, likiwamo la kutokubali moja kwa moja uhuru wa mkimbizi kwenda na kukaa anakotaka. Sharti hilo lilikazwa zaidi mwaka 2023, serikali ilipowaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi kambini. Kwa hiyo mkazi wa Dzaleka hawezi kuamka asubuhi akapanda minibasi kwenda ziwani kama sisi. Anahitaji ruhusa ya maandishi. Kuvuka mpaka wa Songwe naye hadi Mbeya, kisha Kigoma, ni jambo ambalo hatuwezi hata kulianza.

Tungeweza kwenda Kigoma bila wao. Wapo waliosema hivyo, na hatukukubali. Haiwi sawa watu watufundishe mwaka mzima, kisha siku ya kwenda bandarini tuwaache nyuma ya uzio wa karatasi. Zaidi ya hayo, wengi wao wamekulia kando ya Ziwa Tanganyika. Wanajua mitumbwi, nyavu na majina ya samaki kuliko mhadhiri yeyote wa idara hii, na kutoka walipo sasa hadi ziwa la Malawi si mwendo wa siku nzima.

Sababu ya pili ni historia. Nkhotakota si jiji, ni mji, lakini ni bandari yenye uhusiano wa zamani sana na lugha tunayoifundisha. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara Salim bin Abdallah, aliyetoka pwani ya Zanzibar, aliweka makao yake hapo na kujulikana kwa cheo cha Jumbe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wazingatie neno hilo: lina shina moja na mjumbe na ujumbe, na katika miji ya Mrima, kama Pangani na Bagamoyo, majumbe walikuwa wakuu wa miji. Cheo kilisafiri na misafara hadi katikati ya bara. Majumbe wanne walitawala Nkhotakota kwa zamu, na chini yao Uislamu, elimu ya chuoni na Kiswahili vilienea katika sehemu hiyo ya ziwa.

Biashara yenyewe ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa. Watu walivushwa ziwa kwa majahazi hadi ng'ambo ya mashariki, kisha wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa. David Livingstone, aliyefika ziwani mwaka 1861 na tena 1863, aliandika habari za biashara hiyo, na leo wageni huonyeshwa mti ambao chini yake inasemekana alikutana na Jumbe. Mwaka 1889 Jumbe wa wakati huo alitia saini mkataba na Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza, na mwaka 1894 Waingereza wakamwondoa Jumbe wa mwisho na kumpeleka Zanzibar.

Tunayasema haya mapema kwa makusudi. Mwanafunzi atakayefika Nkhotakota akidhani kwamba Kiswahili kiliingia huko kwa vitabu na nyimbo tu atajikuta amesimama mbele ya mzee ambaye bibi yake alikuwa mzigo wa jahazi. Mzee mwingine, nyumba ya tatu, anaweza kuwa mjukuu wa mwenye jahazi. Na huenda wote wawili wanasali msikiti mmoja. Kwa hiyo tusiulize “Wewe ni wa ukoo gani?” kabla ya kusalimia, kukaa na kueleza tulichokuja kufanya. Mazungumzo ya aina hiyo hufunguliwa na mwenyeji, mgeni husubiri.

Aidha, wapo wanaopenda habari za wamisheni. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile ile iliyojenga kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa Zanzibar, ilifanya kazi Likoma na Nkhotakota pia. Askofu Chauncy Maples, ambaye kabla ya hapo alikaa miaka mingi Masasi na Newala, alizama ziwani mwezi Septemba 1895 mashua yake ilipopinduka kwa dhoruba, akazikwa Nkhotakota. Jambo hilo linatupeleka kwenye suala la hali ya hewa.

Marafiki zetu wa Ulaya wanaotutembelea huuita mwezi Juni mwanzo wa kiangazi chenye joto. Kwetu ni kipupwe. Lilongwe iko juu, mita 1,000 na ushei kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Upande wa Dowa baridi ni kali zaidi. Ziwa liko chini, kiasi cha mita 475, na mchana huko ni wa kupendeza. Kwa hiyo chukueni sweta kwa ajili ya kuondoka alfajiri, na shati jepesi kwa ajili ya kufika. Mvua hakuna, barabara ni kavu, na mbu wamepungua ingawa hawajaisha; chandarua bado ni lazima.

Hatari ya Juni ni upepo. Wenyeji huuita mwera, nao huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Mei hadi Agosti, wakati mwingine siku tatu mfululizo, na kuinua mawimbi ambayo mtu wa bara hayategemei ziwani. Ni ndugu wa kusi wa pwani yetu. Kwa sababu hiyo hatutapanga safari yoyote ya mashua. Meli ya Ilala, iliyoanza kazi mwaka 1951, ni maarufu, na tunajua kwamba kila mtu angependa kuipanda. Lakini ratiba yake imekuwa ikikatizwa mara nyingi kwa matengenezo, na safari ya wanafunzi haiwezi kujengwa juu ya meli ambayo huenda isije.

Tutakwenda kwa basi dogo la kukodi. Kutoka Lilongwe hadi Salima ni kiasi cha kilomita 100, na kutoka Salima kufuata barabara ya ziwani hadi Nkhotakota ni kama hizo tena. Dzaleka haiko kwenye barabara hiyo, kwa hiyo basi litapitia huko kwanza, na wote tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Tangu 2022 mafuta yamekuwa yakiadimika mara kwa mara nchini, hivyo dereva atajaza tangi siku moja kabla. Tafadhali asiwepo wa kujipangia kufuata kwa matola. Ajali za magari ya mizigo yanayobeba abiria tunazisoma kila mwezi.

Kuhusu kuogelea: maji ni maangavu na yanavutia, lakini ufukweni penye majani na konokono kuna kichocho, na mahali pengine kuna mamba. Anayeingia majini aingie kwa hiari yake, kisha aende kupima na kupata dawa baada ya wiki sita hadi nane, kwani dawa ikimezwa mapema huwakuta vijidudu bado wachanga na haiwamalizi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hatuendi kutalii. Tumechagua mada moja tu: samaki na vyombo vya majini. Samaki mdogo anayeanikwa kwenye chanja, ambaye Tanzania huitwa dagaa, Malawi huitwa usipa, Burundi ni ndagala, na Mkongomani atasema ndakala. Migebuka wa Kigoma ni mukeke wa Bujumbura, na hapa ziwani hayupo kabisa, mtamkuta chambo. Neno ngalawa ndilo lenye raha zaidi. Kwa Mswahili wa pwani ni chombo chembamba chenye matengo pande mbili; kwa Mchewa ni mashua au meli yoyote. Nyanja kwa Kichewa ni ziwa, nasi tunalo kwa maana pana. Nyasa nalo, katika Kiyao, maana yake ni ziwa, kwa hiyo anayesema “Ziwa Nyasa” anasema ziwa mara mbili. Na tahadhari hapo: Watanzania huliita Nyasa, Wamalawi huliita Ziwa Malawi, na mpaka wenyewe una ubishi unaorudi kwenye mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Mkiwa kwa mwenyeji, liiteni kama anavyoliita.

Kila kikundi kitakuwa na wanafunzi watatu na msaidizi mmoja kutoka Dzaleka. Msaidizi atauliza kwa Kiswahili chake, chenye batu badala ya watu, na mwanafunzi ataandika anachokisikia bila kukisahihisha. Hilo tunalisisitiza. Tumeona madaftari ambamo mwanafunzi amegeuza kila sentensi ya Mkongomani kuwa Kiswahili sanifu, na matokeo yake hayana faida kwa mtafiti yeyote. Kwa wavuvi wasiojua Kiswahili, na ni wengi, mwanafunzi wetu ndiye atakayetafsiri kutoka Kichewa. Hapo msaidizi atakuwa mgeni naye mwenyeji, jambo ambalo litawafaa wote wawili.

Mwenzetu mmoja wa Burundi ametukumbusha jambo la kuongeza kwenye orodha ya maneno: jina Dzaleka lenyewe. Kabla ya 1994 mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na jina husemwa kuwa na maana ya mtu anayeahidi kuacha, hatarudia tena. Kitenzi ni kuleka, na kwa Kirundi ni kureka. Aliyafahamu maana yake siku aliyofika, bila kufundishwa Kichewa. Leo kambi iliyopangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 ina zaidi ya 50,000.

Maombi ya vibali vya wasaidizi sita yatapelekwa kwa uongozi wa kambi mapema mwezi Mei, yakiwa na majina, tarehe ya kutoka na ya kurudi, na barua ya idara yenye muhuri. Kila msaidizi atabeba nakala yake mwenyewe, wala si nakala moja kwa kiongozi wa msafara, kwa sababu kwenye vizuizi vya polisi huulizwa mtu mmoja mmoja. Vibali visipotoka kwa wakati, safari itasogezwa hadi Agosti.

Wanaotaka kwenda waandikishe majina yao ofisi ya idara kabla ya mwisho wa Aprili, pamoja na namba ya simu ya mzazi au mlezi. Madaftari yatakusanywa siku ya kurudi, na yaliyo bora yatasomwa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, asubuhi Lilongwe na alasiri Dzaleka.