Mbwa wa Kwale na Bei ya Nyumba Bozeman

Mwindaji wa ndege katika jimbo la Montana, Marekani, hafiki mbali kama hana mbwa aliyefunzwa, nyasi za kutosha na ruhusa ya kuingia kwenye ardhi. Mbwa anaweza kumnunua au kumlea mwenyewe. Nyasi na ruhusa hutegemea mambo yanayoamuliwa ofisini, na mengi kati ya hayo yanahusu nyumba: zijengwe wapi, kwa ukubwa gani, na nani atazimudu. Kazi yangu ni mipango ya ardhi, na nimekuwa nikiufuatilia mji wa Bozeman, katika bonde la Gallatin, kwa sababu nyumba na ndege vinakutana pale waziwazi kuliko mahali pengine ninapopafahamu.

Nianze na mbwa, kwa kuwa asiyeielewa kazi yake hataelewa kwa nini anahitaji ardhi kubwa kiasi hicho.

Ndege wanaotafutwa zaidi katika nyanda za Montana ni watatu. Kwale wa kijivu aliletwa kutoka Ulaya, na wenyeji humwita Mhangaria. Huishi kwa makundi pembezoni mwa mashamba ya ngano, pale ngano inapokutana na majani. Grausi mwenye mkia wa ncha ni mzawa wa mbuga hizo. Fezanti asili yake ni China. Aliachiliwa Oregon miaka ya 1880 na kutoka huko akaenezwa sehemu nyingi za nchi. Wote watatu wanajua kujificha. Mtu anaweza kupita hatua chache tu kutoka kwenye kundi la kwale asilione. Mbwa hulinusa.

Mbwa wa kuashiria, awe seta, pointa, Brittany au yule wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, hafukuzi ndege. Hukimbia akikata upepo kushoto na kulia, mita mia moja, pengine mia tatu mbele ya bwana wake, mpaka harufu ya ndege impige puani. Hapo husimama ghafla, mwili umekaza, pua imeelekea walipo ndege, wakati mwingine mguu mmoja ukiwa bado hewani. Ndege wakimhisi hubana chini. Mwindaji hutembea taratibu hadi ampite mbwa, na ni yeye anayewarusha ndege. Mbwa aliyeiva hubaki amesimama ndege wanaporuka, bunduki ya marisau inapolia, na hata ndege anapoanguka, mpaka aambiwe akamlete. Wakiwa wawili, yule wa pili akimwona tu mwenzake amesimama, naye husimama hapohapo alipo, ingawa hajanusa kitu.

Kusimama mbwa huyu amezaliwa nako, lakini kutulia hapo hadi mwisho hufundishwa kwa miezi. Mkufunzi huanza na amri moja ya kusimama na kamba ndefu. Kisha humficha njiwa ndani ya kisanduku chenye springi kinachofunguliwa kwa rimoti, na kumleta mbwa kutoka upande ambao upepo utampelekea harufu. Mbwa akinusa na kusimama, huachwa atulie. Akinyata hatua moja tu mbele, mkufunzi hubonyeza, njiwa hufyatuka na kwenda zake. Hapigwi wala hakemewi. Baada ya kurudiarudia, mbwa huelewa kuwa kumsogelea ndege ni kumkosa. Mlio wa bunduki huletwa polepole vilevile: kwanza bastola ndogo, mbali, wakati mbwa amezama katika kumkimbiza njiwa, kisha karibu zaidi siku baada ya siku. Anayeharakisha hatua hii anaweza kumharibu mbwa kabisa, maana aliyeingiwa na woga wa mlio ni mgumu sana kumrudisha. Chama cha NAVHDA, kilichoanzishwa 1969, huwapima mbwa hawa kwa mitihani, wa kwanza ukiwa wa vipaji vya asili kwa mbwa wasiozidi miezi 16.

Hata hivyo, njiwa wa kisandukuni hamalizi kazi. Kwale wa porini hasamehi: mbwa akisogea kupita kiasi, kundi zima linaondoka na kutua ng'ambo ya kilima. Fezanti naye hukimbia chini ya majani badala ya kuruka, na mbwa hulazimika kumfuatilia bila kumbughudhi. Umbali wa kusimama mbwa hujifunza kwa ndege wenyewe tu, msimu mmoja na mwingine, katika maeneo makubwa yaliyo wazi. Mkufunzi asiye na maeneo hayo atapata mbwa mtiifu uwanjani asiyejua kuwinda.

Sasa ardhi. Montana ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1889, serikali ya shirikisho iliipa vipande namba 16 na namba 36 katika kila eneo lililopimwa, kila kipande ekari 640, ili mapato yake yaendeshe shule. Leo ardhi hiyo ya shule ni takriban ekari milioni 5, na sheria ya 1991 iliwaruhusu wawindaji kuingia kwa leseni. Lakini vipande vingi vimezungukwa na mashamba ya watu binafsi. Ndiyo maana jimbo lina mpango unaoitwa Block Management, ambamo Idara ya Samaki, Wanyamapori na Hifadhi huwalipa wakulima na wafugaji wanaokubali umma uwinde kwao. Eneo lililomo kwa jumla ni kama ekari milioni 7. Katika mashamba mengi ya mpango huo utaratibu ni mwepesi: getini kuna sanduku, mwindaji anajaza karatasi, anaitumbukiza, anafungulia mbwa. Halipi chochote.

Kuna pia mpango wa shirikisho ulioanza 1985, unaomlipa mkulima apande majani kwenye ardhi inayomomonyoka na kuiacha hivyo kwa miaka 10 hadi 15. Kwa kwale na fezanti hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo, kwani ndimo wanamotagia na kujikinga. Nchi nzima mpango huo ulifikia kilele chake 2007, ekari zaidi ya milioni 36. Baadaye bei ya nafaka ilipanda na mamilioni ya ekari yakarudi kulimwa.

Mipango yote hii inamtegemea mwenye shamba ambaye bado ni mkulima na ambaye malipo hayo madogo yana maana kwake. Shamba likishauzwa kwa mtu wa mbali anayetaka mandhari ya milima, au kwa kampuni ya viwanja, mara nyingi makubaliano hayo hayaendelei.

Na bonde la Gallatin limeuzwa kwa kasi. Bozeman ilikuwa na watu 37,280 mwaka 2010; mwaka 2020 walikuwa 53,293. Ina chuo kikuu, ina viwanja vya kuteleza kwenye theluji, na hifadhi ya Yellowstone haiko mbali. Janga la Uviko lilipowaruhusu wenye mishahara ya California na Seattle kufanyia kazi popote, wengi walichagua hapo, na bei ya kati ya nyumba ya familia moja ikavuka dola 700,000.

Tupige hesabu. Nyumba ya dola 700,000, ukitanguliza asilimia 20, inakuachia mkopo wa dola 560,000. Kwa riba ya asilimia 7 na miaka 30, rejesho ni kama dola 3,700 kwa mwezi, kabla ya kodi ya majengo na bima. Kanuni inayotumika Marekani ni kwamba makazi yasile zaidi ya asilimia 30 ya kipato. Basi familia inahitaji karibu dola 149,000 kwa mwaka. Muuguzi, mwalimu au fundi bomba hafiki hapo peke yake. Wengi wamehamia miji ya jirani ya Belgrade, Three Forks au Livingston na kuendesha gari kila siku. Wengine wameishi ndani ya magari ya kambi kando ya barabara za mji huohuo wanaouhudumia. Mpangaji mwenye mbwa wawili wa kuwinda ana mzigo wa ziada: wenye nyumba wengi hawataki mbwa, na wanaokubali huongeza amana na kodi.

Kwa nini bei ilipanda namna hii? Wanunuzi walikuwa wengi, hilo ni kweli, lakini sheria za ujenzi nazo ziliwabana. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mji iliruhusu nyumba moja tu katika kiwanja kimoja. Pale ambapo haikuwezekana kujenga ghorofa ya familia nane, watu hawakuacha kuja. Walikwenda shambani.

Na shambani mlango ulikuwa wazi. Hadi 1993 sheria ya Montana ya ugawaji wa ardhi iliachia bila ukaguzi kiwanja chochote cha ekari 20 au zaidi. Matokeo yake mashamba yalikatwakatwa kwa ekari ishirini ishirini, ukubwa usiotosha kulima ngano na unaopita mahitaji ya familia. Mwaka huo kiwango kilipandishwa hadi ekari 160, lakini vipande vya awali vimebaki, kila kimoja na nyumba yake, uzio wake na paka wake. Sheria ya maji nayo ina mwanya wake. Kisima kinachotoa galoni zisizozidi 35 kwa dakika, na maji yasiyozidi ekari-futi 10 kwa mwaka, yaani lita zipatazo milioni 12, hakihitaji kibali kamili cha haki ya maji. Kwa mjenzi wa nje ya mji hiyo ni nafuu kubwa: nyumba nyingi, visima vingi, hakuna bomba la mji la kulipia. Kwale hawezi kuishi kwenye vipande hivyo vya ardhi, kwa sababu majani yamefyekwa na nyumba ziko kila upande. Hata angeweza, hakuna mtu mwenye busara atakayefyatua bunduki baina ya nyumba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wawindaji wengi ninaowaheshimu. Wanaipenda ardhi, na mapenzi yao ni ya kweli. Tangu 1937 kodi ya shirikisho kwenye bunduki na risasi imegharimia sehemu kubwa ya uhifadhi nchini mwao. Lakini baadhi yao hupinga ghorofa mjini wakidhani wanalinda bonde. Kila familia inayokataliwa ghorofani mjini itatafuta mahali, na mahali palipobaki ni shamba la ngano. Mtu anayetaka mbwa wake aendelee kukimbia ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuunga mkono nyumba ndogo, nyingi na zilizosongamana katikati ya mji.

Mwaka 2023 bunge la jimbo lilipiga hatua ambayo wengi hawakuitarajia. Lilipitisha sheria zinazoruhusu nyumba pacha katika viwanja vya familia moja kwenye miji yenye zaidi ya watu 5,000, nyumba ndogo za uani, na makazi katika maeneo ya biashara. Kundi la wamiliki wa nyumba lilikwenda mahakamani, na mwishoni mwa Desemba 2023 jaji mmoja alizisimamisha mbili kati ya hizo. Septemba 2024 Mahakama ya Juu ya Montana iliondoa zuio. Kwa maoni yangu, bunge hilohilo lilikosea 2021 lilipozikataza halmashauri kuwalazimisha wajenzi watenge sehemu ya nyumba kwa ajili ya wenye kipato cha chini. Bozeman ilikuwa na kanuni ya namna hiyo, ikafutika. Kuongeza nyumba kutapunguza bei, ila huchukua miaka, na mhudumu wa hospitali anahitaji pa kulala mwezi huu.

Suala hili la nyumba si geni kwa wazungumzaji wa Kiswahili kama linavyoonekana. Missoula, kilomita zipatazo 320 kutoka Bozeman, ilianza kupokea familia za wakimbizi kutoka Kongo mwaka 2016, na zimo zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Zimefikia mji ambao nao kodi ya nyumba ni ghali, na mara nyingi zinaanza na kazi za kipato cha chini.

Kwao, na kwa mwindaji mwenye seta wake, nina ombi moja. Sheria nyingine ya 2023 iliitaka miji mikubwa ya Montana, Bozeman na Missoula ikiwemo, itunge mipango mipya ya ardhi ifikapo 2026. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mpango ukishapita, mradi unaolingana nao unaidhinishwa ofisini bila kuitisha tena kikao cha wananchi. Kwa hiyo maoni yanayohesabika ni yale ya wakati wa kutunga au kurekebisha mpango. Nendeni mikutanoni, ombeni mkalimani ikibidi, na semeni mnataka nyumba zijengwe ndani ya mji.