WOSIA HUOKOA SHAMBA

Katika kazi yangu ya ubwana shamba nimeona shamba zuri likiota magugu. Mwenye shamba alifariki bila wosia. Ndugu wakagombana. Mjane na watoto wakangoja, lakini mvua haikungoja.

Wakili wa mirathi ana kazi mbili. Kwanza, humsaidia mtu kuandika wosia angali hai. Pili, mtu akifa, huwaongoza wafiwa mahakamani ili msimamizi wa mirathi ateuliwe.

Sheria ya mila ya Tanzania ya mwaka 1963 yasema: anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, mashahidi 4.

Wewe umeshajua kusoma. Andika wosia, usome mwenyewe, kisha utie sahihi.