Je, Wajua? Picha ya Gari Chafu Ina Habari Nyingi Kuliko ya Gari Safi

Mwagia gari maji, na mikwaruzo yake midogo itapotea machoni papo hapo. Juu ya rangi ya gari kuna utando mwangavu wa vanishi, na kila mkwaruzo ni mfereji mwembamba uliochimbwa ndani ya utando huo na kujaa hewa. Mwanga ukigonga kingo za mfereji hutawanyika ovyo, na jicho huona mstari mweupe. Maji yakiingia mferejini mambo hubadilika. Uwezo wa kupinda mwanga ni takriban 1 kwa hewa, 1.33 kwa maji na kama 1.5 kwa vanishi. Maji yanakaribia vanishi kuliko hewa inavyoikaribia, kwa hiyo mwanga hupita karibu kana kwamba hakuna mfereji. Muuzaji anayepiga picha gari likiwa bado linachuruzika huenda hajui lolote kuhusu hesabu hizo, lakini anajua kuwa gari lililolowa hupendeza.

Kwa mtu wa Kikopey, kituo cha nyama choma kati ya Nairobi na Nakuru, jambo hili lina uzito wake. Gari analolitaka halipo Kikopey. Liko kwenye yadi Ngong Road, Nairobi, au bandarini Mombasa, au bado limeegeshwa Japani likisubiri meli. Linalomfikia kwanza ni picha kumi au kumi na tano kwenye simu, na kabla hajapanda matatu kwenda kuliona, picha hizo ndizo zitakazoamua kama nauli yake itapotea bure. Kazi ya picha ni hiyo tu. Picha inaweza kukuambia gari fulani halifai. Haiwezi kamwe kukuambia kwamba linafaa.

Kwa bahati nzuri, Kikopey yenyewe ni darasa zuri la kuzoeza jicho. Jumapili mchana, wasafiri wa barabara ya Nairobi–Nakuru wanapokata kona kufuata harufu ya mbuzi choma, maegesho hujaa magari yale yale yanayouzwa kwa picha: Subaru Forester, Nissan X-Trail, Mazda CX-5, Toyota Harrier. Wakati nyama iko jikoni, simama nyuma ya gari moja, inama kidogo, uangalie ubavu wake kuanzia taa ya nyuma hadi ya mbele. Fanya hivyo kwa magari matano na utaanza kuona tofauti ambazo hujawahi kuziona, hata kwenye gari la shemeji yako.

Magari haya huitwa krosova: yameinuka kama gari la porini, lakini yamejengwa kama saluni. RAV4 ya mwaka 1994 ndiyo iliyofungua njia, Honda ikafuata na CR-V mwaka 1995, Subaru ikaleta Forester mwaka 1997. Tofauti yake na Prado ama pikapu haipo kwenye ukubwa, ipo mifupani. Prado ina fremu nzito ya chuma chini, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Krosova haina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mfupa, kama ganda la yai: sakafu, nguzo za milango, paa na vizingiti vinabeba uzito na kupokea kishindo kwa pamoja. Sehemu ya mbele na ya nyuma zimeundwa zikunjike katika ajali ili watu wa katikati wasalimike, wazo ambalo mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alilipatia hataza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ganda likishapondeka na kunyooshwa, rangi mpya itafunika kila kitu isipokuwa viungo.

Kwa hiyo, usianze na mng'ao. Anza na mianya.

Mwanya kati ya boneti na madigadi unapaswa kuwa na upana mmoja kutoka kwenye taa hadi kwenye kioo cha mbele, na wa kushoto ulingane na wa kulia. Roboti za kiwandani hazichoki wala hazikosei kwa milimita tatu. Fundi wa kando ya barabara mwenye nyundo na mnyororo hukosea. Omba picha ya boneti ikiwa wazi, iliyopigwa kwa karibu, na uangalie bolti zinazoshika bawaba zake na zile zinazoshika madigadi. Kiwandani bodi hupakwa rangi ikiwa imeshaunganishwa, na bolti hupata rangi hiyo hiyo. Ukiona pembe za bolti zimechubuka hadi chuma kinang'aa, spana imepita hapo. Bolti moja iliyochubuka haimaanishi ajali. Inamaanisha swali, na muuzaji mwaminifu atakuwa na jibu.

Mimi binafsi madigadi iliyobadilishwa hainitishi, maana imefungwa kwa bolti na haibebi kitu. Kinachonikimbiza ni nguzo ya mlango iliyochomelewa upya. Omba mlango ufunguliwe na mpira wa pembeni uvutwe kidogo. Chini yake utaona vishimo vidogo vya duara, vyenye nafasi inayokaribia kulingana, vilivyoachwa na mashine ya kuchomelea. Vikikosekana mahali fulani, au mahali pake pakiwa na mabonge yaliyosagwa kwa jiwe, funga simu yako na uagize soda.

Baada ya viungo, nenda kwenye rangi, ukianzia na kitu kinachojionyesha juu yake. Mwambie muuzaji aegeshe gari kando ya uzio au ukuta wenye mistari. Mistari ile itaakisiwa ubavuni, na kwenye bodi isiyoguswa itapita kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kuyumba. Palipojazwa puti, mstari hukatika au hutetemeka. Rangi ya fedha na kijivu, ambayo Wakenya tunaipenda kwa kuwa haionyeshi vumbi, ina siri nyingine: ndani yake mna vipande vidogo mno vya alumini, na jinsi vinavyolala hutegemea mkono wa aliyepuliza. Mlango uliopakwa upya unaweza kufanana kabisa na jirani yake ukiutazama ana kwa ana, kisha ukawa mweusi kidogo ukiutazama kwa pembeni. Kwa hiyo picha moja ya ubavu haitoshi. Bampa usiihukumu kwa ukali huo, kwani ni plastiki, na mara nyingi hutofautiana kidogo na bodi tangu kiwandani.

Hapa ndipo uchafu unapomsaidia mnunuzi. Karibu na Kikopey, upande wa Kariandusi, ambako wengi wanakujua kwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, kuna machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe mwepesi uliotokana na maganda ya viumbe wadogo wa ziwa la zamani. Maganda hayo ni silika, na viwandani diatomaiti hutumika pia kusugulia na kung'arishia. Sasa fikiria vumbi la namna hiyo juu ya boneti, na kijana mwenye kitambaa kikavu. Kila anapopangusa anachora. Mikwaruzo hiyo imeelekea kila upande, lakini ile iliyokingama na mwanga ndiyo inayoakisi kuelekea jichoni, na ndiyo sababu ukitazama taswira ya jua kwenye rangi nyeusi utaona duara juu ya duara, kana kwamba buibui ametanda. Duara hizo si ajali. Zinaonyesha tu jinsi gari lilivyotunzwa. Gari lenye vumbi la safari na duara zake wazi limepigwa picha na mtu asiyekuficha kitu, au asiyejua kuficha, na kwako wewe mnunuzi ni sawasawa.

Simu nayo ina ujanja wake. Lenzi yake ya kawaida ni pana, na mpigaji akisimama hatua mbili kutoka kwenye gari, pua ya gari huvimba na mistari iliyonyooka hujipinda. Hapo huwezi kupima mwanya wowote. Mwambie arudi nyuma hatua kumi kisha avute picha karibu. Jioni, simu huchanganya picha kadhaa na kulainisha chembechembe za giza, na katika kulainisha huko hufuta pia mikwaruzo. Saa sita mchana kwetu hapa karibu na Ikweta jua huwa juu mno, boneti ikawa mwanga mtupu na ubavu ukawa kivuli. Saa tatu asubuhi inatosha. Kisha kuna WhatsApp, ambayo hupunguza ukubwa wa picha na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, zikiwemo tarehe na mahali ilipopigwa. Muuzaji akiituma kama faili badala ya picha, hufika nzima na taarifa zake.

Ndani ya gari, tafuta ushahidi unaopingana na odomita. Tarakimu za kidijitali hubadilishwa kwa kompyuta ndogo bila kufungua hata skrubu moja, ila ngozi na mpira havibadilishwi kwa namna hiyo. Magari yetu yana usukani kulia, na dereva hushuka kulia, kwa hiyo ukingo wa kulia wa kiti chake ndio unaochakaa kwanza. Ukingo uliopasuka, usukani unaong'aa kwa jasho na pedali ya breki iliyolika kona haviwezi kuwa vya gari lililotembea kilomita 48,000. Pedali mpya kabisa kwenye gari la miaka minane nayo ni ya kutiliwa shaka. Matairi yana tarehe yao: kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne, mathalani 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye Forester, ambayo husukuma magurudumu yote manne wakati wote, matairi manne ya aina nne tofauti ni dalili kwamba mfumo wa kugawa nguvu umekuwa ukifanya kazi isiyo yake.

Omba pia video fupi ya dashibodi kuanzia ufunguo unapowashwa, kabla injini haijaunguruma. Taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima ziwake kwanza. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozimika, maana mtu ameinyamazisha.

Kwa gari linalotoka Japani moja kwa moja, kuna karatasi ya mnada, na kwangu hiyo inapita picha zote za kupendeza. Mkaguzi huchora kila kasoro kwenye mchoro wa gari: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ndiyo wengi huitafuta. R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye karatasi na iliyopigwa muhuri kwenye bodi. Namba hiyo husema mengine pia: X-Trail yenye T32 husukuma magurudumu mawili, yenye NT32 manne, hata kama nembo ya 4x4 imebandikwa mlangoni. Sheria ya Kenya, kupitia kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na shirika la viwango, KEBS, hairuhusu kuingizwa gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza.

Kwa lililokwisha tumika humu nchini, ongeza macho kwa maji. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilifurisha Nairobi, na gari lililozama hukauka likauzwa. Omba mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho na upigwe picha. Mstari wa tope hubaki pale kwenye kitambaa. Reli za kiti zenye kutu na taa za mbele zenye ukungu ndani, zote mbili kwa wakati mmoja, ni ushahidi wa kutosha.

Ukiona picha zimepita yote haya, agiza nakala ya rekodi za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia tovuti ya eCitizen, uone jina la mwenye gari na kama kuna benki inayolidai. Kisha mpeleke fundi unayemlipa wewe, asiwe wa muuzaji, alale chini ya gari hilo. Na dalali akikuambia kuna mtu mwingine yuko njiani na pesa taslimu, umtumie kidogo kwa M-Pesa ili akushikilie, mwache huyo mwingine alinunue.