Kiswahili Kwenye Kanga na Darasani

Kanga ina pindo, mji na jina. Jina ni ule mstari mmoja wa maneno, na mara nyingi mnunuzi huusoma kabla hata ya kuangalia rangi. Kanga ikishavaliwa humsemea mwenyewe: jirani aliyekusudiwa huelewa bila kutajwa, na ugomvi haujazuka. Ufundi huu wa mafumbo ni hazina, wala haujaandikwa kwenye sarufi yoyote.

Nje ya kanga, Kiswahili kilijengwa pia kitaaluma: Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa 1967.

Lakini pamoja na hatua hizo, mtoto wa Tanzania aliyesoma usanisinuru kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali hukutana na somo hilohilo kwa Kiingereza afikapo kidato cha kwanza. Hapo ndipo penye uchungu: jani analijua, kazi ya mwanga anaijua, ila mwalimu akiuliza, huinamisha kichwa kwa kukosa maneno.