Mwani: Chakula Chema cha Baharini, Lakini Si Kila Kijani cha Ziwani



Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie mwani. Wengi wetu tunaoishi Kemondo na vijiji vya kuelekea Muleba hatujauona mwani wenyewe kwa macho, kwa kuwa humea katika maji ya chumvi, na ziwa letu ni la maji baridi. Lakini habari zake zimetufikia. Sokoni na kwenye simu watu wanatangaziwa unga wa mwani, kwamba unatibu kisukari, shinikizo la damu, ugumba na hata saratani. Katika kliniki ya wajawazito akina mama wanatuuliza, "Sista, niununue?" Wengine wanauliza kama ule utando wa kijani unaoelea ziwani nao ni mwani, na kama unafaa kuliwa. Maswali haya yanagusa fedha za familia na uhai wa watoto, kwa hiyo tuyajibu moja baada ya jingine.

MWANI NI NINI?

Mwani ni jamii ya mimea ya baharini isiyo na mizizi ya kweli, wala maua, wala mbegu. Hujipatia chakula chake kutoka katika maji yanayouzunguka. Upo wa kijani, wa kahawia na mwekundu. Unaolimwa hapa Tanzania ni wa jamii ya mwekundu, nao ni wa aina mbili ambazo wakulima huziita spinosamu na kotonii.

Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti juu ya mwani wa pwani yetu na kuonyesha kwamba ungeweza kulimwa. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, sehemu za Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Baadaye kilienea Pemba, Tanga, Bagamoyo, Lindi na Mtwara. Wakulima walio wengi ni akina mama.

Kazi yenyewe hufanyika maji yakipwa. Mama hupigilia vigingi mchangani, hutandaza kamba kati ya kigingi na kigingi, kisha hufunga vipande vidogo vya mwani katika kamba hizo. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akabakiza vipande vya mbegu, na kilichobaki hukianika juani. Shamba hilo halihitaji mbolea, wala kumwagiliwa, wala kukata msitu. Ndiyo sababu husifiwa kuwa ni kilimo kisichochosha nchi.

Hata hivyo yapo ya kuangalia. Mkulima mwangalifu hakati mikoko kwa ajili ya vigingi, hang'oi nyasi za baharini ambamo samaki huzaliana, na haachi vipande vya kamba za plastiki vichukuliwe na maji. Pia bahari imeanza kuwa na joto zaidi. Tangu miaka ya 2000 kotonii, ambao ndio wenye bei nzuri, umekuwa ukifa katika maji mafupi ya sehemu nyingi. Wakulima wamelazimika kubaki na spinosamu wa bei ya chini au kwenda kulima kwenye maji ya kina kirefu, na huko mama asiyejua kuogelea na asiye na chombo hawezi kufika kwa urahisi. Baba Mtakatifu Fransisko alipotoa waraka wake wa Laudato Si' mwaka 2015 alitukumbusha kwamba maumivu ya viumbe na maumivu ya maskini huenda pamoja. Habari za mwani ni ushahidi mmoja wa jambo hilo.

KUTOKA BAHARINI HADI CHUNGUNI

Kwa miaka mingi karibu mwani wetu wote uliuzwa nchi za nje ukiwa mkavu na bila kutengenezwa. Huko viwandani hutolewa utomvu mzito uitwao karajinani, ambao hutumika kuzitia uzito aiskrimu, maziwa na dawa za meno. Mama aliyesimama majini tangu asubuhi alilipwa kidogo kwa kilo, na nyumbani kwake mwani haukupikwa.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Dr. Flower Msuya, mtaalamu wa mwani aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, pamoja na umoja wa Zanzibar Seaweed Cluster Initiative, wamewafundisha akina mama kuusafisha mwani, kuukausha vizuri, kuusaga unga na kuutumia. Siku hizi wapo wanaotengeneza sabuni, jemu, juisi, keki na kachumbari ya mwani. Si jambo geni duniani. Wajapani na Wakorea wamekula mwani kwa karne nyingi, na huko Ireland watu wa pwani huchemsha mwani mwekundu katika maziwa mpaka yakawa mazito.

Mwani una faida gani mwilini? Una madini joto, una nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi vizuri, na una madini mengine kama kalisi na magnesi. Lakini tuseme ukweli: mwani unaolimwa kwetu una protini kidogo na nguvu kidogo. Hauwezi kuchukua nafasi ya maharage, dagaa, mayai au maziwa. Ni kiungo cha kuongeza katika chakula, na kisukari au saratani haviponi kwa kiungo. Mgonjwa anayeacha dawa zake za hospitali kwa sababu ya unga wa mwani anajiweka katika hatari kubwa.

MADINI JOTO NA SISI WA KAGERA

Kati ya vitu vyote vilivyomo katika mwani, kile ambacho sisi watu wa bara tunakihitaji zaidi ni madini joto. Bahari ina madini hayo. Ardhi yetu ya milima inanyeshewa mvua nyingi, na kwa muda mrefu mvua huyachukua. Ndizi, maharage na viazi vilivyoota katika udongo usio na madini joto navyo huwa hafifu kwa madini hayo. Samaki wa ziwani pia huwa nayo kidogo kuliko samaki wa baharini. Kwa hiyo mtu anaweza kushiba kila siku na bado akapungukiwa.

Madini joto hutumiwa na tezi iliyo shingoni. Yakikosekana, tezi hiyo huvimba, na uvimbe huo ndio rovu. Wazee wetu walilifahamu vizuri. Lakini rovu ni dalili tu inayoonekana. Madhara makubwa zaidi yako tumboni mwa mama: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, au kuzaliwa hai lakini ubongo wake ukiwa haukukua sawasawa. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa bubu, au akawa mzito darasani maisha yake yote, na wazazi wakadhani ni mvivu au amerogwa. Ubongo ulioharibika kabla ya kuzaliwa hauwezi kurudishwa kwa dawa. Wale wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vizuri wako katika hatari zaidi, kwa kuwa sumu ya mihogo hiyo huizuia tezi kuyatumia madini joto machache yaliyopo.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Mama mjamzito au anayenyonyesha anahitaji 250. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini lazima kipatikane kila siku.

Je, ili kukipata tununue mwani? Hapana haja. Dawa ya jambo hili iko dukani kwa bei ndogo: chumvi yenye madini joto. Mwani hutofautiana sana. Kipande kimoja kinaweza kuwa na madini joto machache, na kingine kikawa nayo mengi kupita kiasi, nayo yakizidi huidhuru tezi ile ile. Chumvi iliyotiwa madini joto kwa kipimo ni salama na ya uhakika zaidi. Itumieni hivi:

1. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kikombe mara nyingi haina.

2. Iweke katika chombo chenye mfuniko, mbali na moto, jua na unyevu. Chumvi inayotundikwa juu ya mafiga hupoteza madini yake.

3. Itie chakula kinapokaribia kuiva, usiitie mwanzoni.

4. Usizidishe. Mtu mzima asizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, tukihesabu na ile iliyopikiwa. Chumvi nyingi huleta shinikizo la damu.

UTANDO WA KIJANI WA ZIWANI SI CHAKULA

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia hofu zaidi. Wakati mwingine, hasa maji yakitulia na jua likiwa kali, ziwa letu hufunikwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagwa. Hutokea zaidi pale ambapo uchafu wa mji na mbolea ya mashamba vimeteremkia ziwani. Utando huo hutokana na vijidudu vidogo sana, na baadhi yao hutoa sumu inayoliharibu ini. Mwenye kunywa maji hayo anaweza kutapika, kuharisha na kuumwa tumbo. Mwenye kuoga anaweza kuwashwa ngozi na macho. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na tuendelee kuchemsha, lakini sumu hii haiondoki kwa kuchemsha.

Wapo waliosikia kwamba watu wa Ziwa Chad hukusanya utando wa kijani, wakaukausha na kuula. Ni kweli. Huo ni wa aina nyingine, uitwao spirulina, unaoota katika maji ya magadi ambamo vijidudu vingine vingi haviwezi kuishi. Ziwa Victoria si la magadi, na kwa macho hakuna awezaye kutenganisha chenye sumu na kisicho nayo. Kwa hiyo tusichote maji ya kunywa mahali penye utando, tusiwaache watoto waoge hapo, na mifugo isinywe. Akiugua mtu baada ya kunywa maji hayo, awahishwe kituo cha afya.

Magugu maji nayo, yaliyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, si mwani. Hunyonya uchafu na madini mabaya kutoka majini. Tusiyafanye mboga.

KIUNGO CHETU KIKO KARIBU

Wenzetu wa pwani wametufundisha jambo jema: kukichukua kile ambacho Mungu amekiweka mlangoni pao, kukisafisha, kukikausha, kukisaga na kukitia katika chakula cha nyumbani. Sisi nasi tunacho. Ni dagaa. Wana protini nzuri, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, wana kalisi nyingi. Wana na madini ya chuma ya kuongeza damu. Mtoto anayelishwa ndizi tupu hushiba lakini hakui.

Unga wa dagaa hutengenezwa hivi. Chagua dagaa waliokaushwa juu ya chanja au wavu, si wale walioanikwa mchangani. Waoshe haraka kwa maji safi, waanike tena mpaka wakauke kabisa, kisha wakaange bila mafuta kwa moto mdogo. Watwange, uchekeche kwa chekecheo dogo, na uhifadhi unga katika chupa kavu yenye mfuniko. Mtoto aliyetimiza miezi sita, ambaye mpaka hapo alikuwa akinyonya maziwa ya mama peke yake, anaweza kuanza na kijiko kimoja cha chai katika uji au ndizi zilizopondwa, pikeni pamoja mpaka viive. Unga ukitoa harufu mbaya au ukiota ukungu, utupwe.

UKIPATA MWANI

Kama una ndugu Tanga au Unguja akakuletea mwani safi, usiogope kuula. Uoshe mara kadhaa kuondoa mchanga na chumvi, uloweke mpaka ulainike, kisha utie kidogo katika mchuzi, kachumbari au uji. Lakini mwenye rovu, mwenye ugonjwa wa tezi, mama mjamzito na mwenye shinikizo la damu wamwulize kwanza mganga. Na usinunue unga usio na jina la mtengenezaji, kwa kuwa mwani hufyonza pia uchafu wa mahali ulipoota.

Tunawaomba akina mama wa WAWATA na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo walisome somo hili katika mikutano yao. Kila mmoja akirudi nyumbani aitazame chumvi yake: je, pakiti imeandikwa madini joto? Je, chombo kina mfuniko? Akina baba nao, ambao mara nyingi ndio wenye fedha, wasione pakiti hiyo kuwa ni gharama. Bei yake ni ndogo, na inalinda akili ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.